Jinsi nilivyoiona Nebula ya Heliksi kwa darubini ya inchi 6

Niliambiwa na watu kadhaa ninaowaheshimu kwamba Nebula ya Heliksi, wingu la gesi angani lenye namba ya orodha NGC 7293, haionekani kwa darubini ya inchi 6, na kwamba nikishikilia kujaribu basi niongeze ukuzaji, kwa kuwa nebula za sayari (mawingu ya gesi yaliyotupwa na nyota zinazokufa, si sayari) ni vidoa vidogo. Ushauri huo unazifaa nyingi kati yake, lakini kwa Heliksi unapotosha kabisa, na ulinipotezea msimu mzima.

Heliksi iko umbali wa takriban miaka ya nuru 650, jirani mno kwa kipimo cha nebula hizi, kwa hiyo imetanda angani kwa upana unaokaribia nusu ya mwezi mpevu. Mwangaza wake wote ukijumlishwa hufikia daraja la 7 hivi, katika kipimo cha mwangaza wa nyota ambacho namba ndogo ni mng'ao mkubwa, na mtu akisoma namba hiyo huidhani rahisi, kumbe umesambaa mno hata kila sehemu imebaki hafifu. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 10, yaani ukuzaji wa mara 120, nebula ilijaza karibu uwanja wote wa kuona, jicho likakosa anga tupu ya kulinganishia.

Oktoba nilikwenda nje ya Kongwa, mbali na taa, usiku usio na mwezi. Saa tatu usiku Heliksi huwa karibu na utosi huku kwetu, bahati ambayo watazamaji wa Ulaya kaskazini hawana. Niliweka lenzi ya milimita 32, ukuzaji wa mara 38 tu, pamoja na kichujio cha oksijeni kilichonigharimu kama laki tatu pamoja na usafirishaji. Kichujio hicho hupitisha mwanga wa nanomita 496 na 501, ambao nebula hizi huutoa kwa wingi, na huzuia sehemu kubwa ya mwanga mwingine wa anga. Kutoka nyota angavu Fomalhaut nilipanda nyuzi 10 hivi hadi nyota Upsilon ya kundi la Ndoo, kisha nyuzi moja na ushei magharibi.

Nilijifunika kitenge cheusi kichwa pamoja na lenzi, nikawa napumulia kando ili kioo kisipate ukungu, nikaelekeza jicho pembeni kidogo, kwa sababu kitovu cha jicho hakihisi mwanga hafifu. Bado sikuona kitu. Ndipo nikaligonga bomba la darubini taratibu kwa kidole, na picha ilipotikisika likajitokeza duara kubwa la kijivu, pana kuliko nilivyotarajia. Bomba lilipotulia, duara likayeyuka. Nikagonga tena, likarudi palepale. Niligonga mpaka shingo ikaniuma, na baada ya kama nusu saa nilitambua kwamba katikati pana giza kidogo kuliko kingoni: niliiona pete yenyewe, kwa darubini ileile iliyosemwa haiwezi.

Anayetaka kununua kichujio hiki ajue kwamba kwa galaksi hakifai, kwa kuwa mwanga mwingi wa galaksi ni wa nyota nacho huufifisha.