Nilivyokata springi za Corolla yangu, na kazi ya kuzirudisha

Mwaka 2019, nikiwa naishi Kimara jijini Dar es Salaam, nilinunua Toyota Corolla 110 iliyokwisha kutumika, na jambo la kwanza lililonikera ni uwazi mkubwa kati ya tairi na fenda, ambao machoni pangu ulilifanya gari lifanane na mtu aliyevaa suruali isiyomfikia kifundo. Springi fupi zinazotengenezwa maalumu kwa ajili ya kushushia gari zilikuwa zinauzidi mfuko wangu. Kwa hiyo fundi wa gereji ya mtaani aliponiambia kwamba kazi hiyo humalizwa kwa grainda ndani ya saa mbili, sikuuliza swali la pili. Alikata raundi (mzunguko wa chuma) moja na nusu katika kila springi ya mbele, gari likashuka kama sentimita tano, nami nikarudi nyumbani nikijitazama kwenye vioo vya maduka.

Furaha hiyo ilipungua kwenye matuta. Springi iliyokuwa na raundi sita zinazofanya kazi ilibaki na nne na nusu, na kwa kuwa springi huzidi kuwa ngumu kadiri raundi zake zinavyopungua, zangu zilikuwa zimeongezeka ugumu kwa theluthi nzima. Shokapu nazo zilikuwa tayari zimezama kabla sijaondoka nyumbani, kwa hiyo kila shimo lililozidi kidogo liliifikisha shokapu mwisho wake, na kishindo kikapanda hadi kwenye usukani. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo bei ya urembo.

Kilichonishtua kilitokea Chalinze, nilipopata pancha ya tairi la mbele kushoto nikiwa safarini kuelekea Morogoro. Kijana wa kuziba pancha alipiga jeki, akafungua tairi, kisha akaingiza mkono na kuizungusha springi kwa vidole viwili kama anayezungusha bangili. “Braza, mbona hii springi inacheza?” akaniuliza. Nikainama. Ncha iliyokatwa haikuwa imekaa kwenye mfereji wa kikalio chake, yaani kisahani ambacho springi hukalia. Ilikuwa imepanda pembeni na kuchubua rangi hadi chuma kikang’aa. Mguu uliponing’inia, springi ilikuwa fupi mno kiasi cha kutoweza kujaza nafasi yake. Jeki haikuwa na kosa: jambo lilo hilo hutokea gurudumu linapodondokea shimoni kwa kasi, na springi inaporudi kubeba uzito hakuna anayejua itaangukia wapi. Katika gari hili kikalio cha chini kipo karibu sana na tairi, na ncha kali ya chuma ikiteleza hapo inaweza kulichana. Safari iliyobaki niliiendesha polepole, madereva wa malori wakinipigia honi.

Niliporudi Dar es Salaam nilielekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa miguu ya gari. Nilipomaliza kumwamkia na kumweleza, aliuliza jambo moja tu: “Kijana, walikata kwa grainda au kwa gesi?” Nikajibu grainda. “Afadhali,” akasema. Chuma cha springi hupewa nguvu yake kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo, na moto wa gesi huivuruga kazi hiyo, ikabaki springi inayolala siku hadi siku au inayokatika ghafla. Wapo wanaoipasha moto bila hata kuikata mpaka gari “likae lenyewe”. Hilo naliona baya zaidi, maana kwa macho huwezi kuona kitu.

Tulitafuta springi mbili za mtumba za modeli ileile, tukazisimamisha kando kwa kando kulinganisha urefu, na tukazikagua kama zina nyufa au kutu iliyochimba. Mzee alizibana kwa vibano viwili vilivyotazamana, akivikaza kwa zamu, na akaniamuru nisisimame mbele yake, kwa sababu springi iliyobanwa ikichomoka inaweza kuua. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yule fundi wa kwanza hakutumia kibano chochote. Springi zilizokatwa alizitia kwa mkono, maana zilikuwa fupi mno kuhitaji kubanwa. Hilo peke yake lilitosha kunitahadharisha siku ileile.

Shokapu zote mbili za mbele zilikuwa zinavuja mafuta, zikabadilishwa. Matairi yalikuwa yamelika upande wa ndani hadi nyuzi zikachungulia, wakati upande wa nje ulionekana kama mpya. Baada ya kupima alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, nilirekebisha pia taa, kwa sababu pua iliposhuka nilikuwa nimezipandisha, na sasa zingewapofusha wanaokuja mbele. Gharama zote kwa jumla ziliipita bei ya zile springi fupi nilizoziona ghali.

Springi zilizokatwa nilizilaza sakafuni nikazipima: moja ilikuwa fupi kuliko mwenzake kwa sentimita moja. Kijana wa jirani, mwenye Corolla kama yangu, aliniomba nimpe. Nilikwenda nazo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini kwanza nilizikatakata vipande, maana zingefika nzima zingerudi gereji.