Njia ya Ndanda

Gari za Masasi zinajaa mapema pale stendi ya Mtwara, ukitaka siti ya dirishani ufike kabla jua halijatoka. Mimi nilifika alfajiri na begi dogo na kichwa kizito, maana mdogo wangu alikuwa kalazwa hospitali ya Ndanda baada ya ajali ya bodaboda, paja limevunjika, mama yuko naye huko huko, korosho zetu msimu uliopita zilipigwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, maua yakakaukia juu ya mti, na kazini mshahara miezi inapita hautoki. Nayataja yote kwa mkupuo kwa sababu ndivyo yalivyokuja. Kusali nilikuwa nasali ila kwa kweli naanza Baba Yetu nikifika "mkate wetu wa kila siku" nawaza bili.

Tukapita Mikindani, bahari iko pale imetulia na yale majumba ya mawe ya zamani, mwezi wa tano mvua zinaisha kila kitu kijani. Sikuona vizuri, nilikuwa nimeinamia simu napiga hesabu za hela ambayo haipo.

Mingoyo gari ilisimama, ndo pale unapoiacha barabara ya Lindi unaingia ya Masasi. Watu wakashuka kununua samaki wa kukaanga, akapanda mzee mmoja na bakora yake akakaa pembeni yangu. Nikamwamkia, shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, unakwenda wapi na uso huo? Nikamweleza, na sijui kwa nini nilimweleza yote mpaka ya mshahara. Hakuniambia yatapita. Aliniuliza mdogo wangu anaitwa nani, jina la ubatizo, akalirudia taratibu, akasema sawa, leo jioni namtaja kwenye sala. Mzee wa watu ni Mwanglikana wa Masasi, anasali kanisa la Mtandi, alikuwa mwinjilisti miaka mingi huko vijijini.

Halafu akaanza kunisimulia. Akasema mjukuu wangu, kanisa letu Masasi limeanzishwa na watu waliouzwa. Mwaka 1876 askofu Edward Steere, yule aliyejenga kanisa la Mkunazini kule Unguja pale palipokuwa soko la watumwa, alitoka Lindi kwa miguu na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Wengi kwao ilikuwa huko upande wa ziwa Nyasa na nia ilikuwa kuwafikisha huko, lakini walipofika Masasi, kwenye ile milima ya mawe, wakaona ardhi nzuri, wakasema sisi tutakaa hapa. Hebu fikiria mtu keshafungwa minyororo, keshavushwa bahari, kwao hajui hata kama kuna aliyebaki hai, halafu anachukua jembe analima shamba na jioni anaimba zaburi. Mwaka 1882 wakavamiwa na Magwangwara, yaani Wangoni, nyumba zikachomwa, wengine wakatekwa tena. Yaani mtu ametoka utumwani anarudishwa! Baadhi wakahamia Newala. Na bado Masasi ibada haikufa, mzee akagonga bakora chini, haikufa.

Mimi nimezaliwa huku huku na hizi habari nilikuwa nazijua kijuujuu tu, za shule, lakini siku ile ziliniingia kwa namna nyingine.

Tulipofika Nyangao akanionyesha misheni kwa dirishani. Vita vya Majimaji mwaka 1905 misheni ya hapo ilichomwa, na ya Lukuledi pia, sista mmoja anaitwa Walburga Diepolder akafa katika kukimbia. Hospitali iliyopo Nyangao leo ni ya Mtakatifu Walburga. Mzee hakuwalaumu waliopigana, na mimi siwalaumu, babu zetu walikuwa wamechoshwa na kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu, ule moto ulikuwa na sababu zake. Kilichonigusa mimi ni kilichofuata, kwamba baada ya Lukuledi kuwa majivu wale watawa wa misheni, Wabenediktini, mwaka 1906, mwaka mmoja tu, wakaanza upya Ndanda. Kwahiyo ile hospitali aliyolala mdogo wangu iko mahali palipoanzishwa na watu waliounguliwa na kila kitu. Nilikaa na hiyo kitu kichwani mpaka nikashuka.

Ndanda imejibanza chini ya uwanda wa Makonde, ukuta wa mlima uko nyuma yake na maji yanashuka kutoka juu, hewa yake ni baridi kuliko Mtwara. Mdogo wangu nilimkuta mguu umening'inizwa, anacheka, amekonda. Mama nilimkuta jikoni kwa wauguzaji anapika uji kwenye sufuria moja na mama mmoja wa Kiislamu wa kutoka Ruangwa ambaye mwanae kalazwa wodi ile ile. Wamekuwa ndugu hao. Mmoja akienda kuswali mwingine anaangalia wagonjwa wawili, mama akiwa kwenye rozari yake yule bibi anakaa kimya pembeni mpaka amalize, afu anasema amina. Kuishi kwetu kusini kuko hivyo na namshukuru Mungu kwa hilo.

Jioni tukaenda masifu, ile sala ya jioni, kanisani kwa wamonaki. Wanaimba zaburi kwa kupokezana, upande huu na upande ule, bila haraka, na mle ndani zipo zaburi za watu wanaolia kabisa, wanamuuliza Mungu mpaka lini. Sikuwa nimewahi kuzisikiliza hivyo. Nikawaza wale wa 1876 nao waliimba haya haya wakiwa hawana kitu, na hapo ndipo tumaini liliponirudia, naandika kama lilivyokuwa, bila muujiza wowote, bili ipo, mshahara haujaingia, mguu bado. Ila nilimaliza Baba Yetu yote.

Tukitoka nikamuuliza mama, wewe unapata wapi nguvu? Akasema kuna maneno ya nabii Habakuki, sura ya tatu, yule anasema mtini hata usipochanua na zizini kusiwe na ng'ombe yeye atamfurahia Bwana. Mimi, mama anasema, naweka mkorosho pale penye mtini. Mkorosho usipochanua nitamfurahia Bwana. Nimesema hivyo msimu mzima uliopita huku nalia, mwanangu, usidhani nilikuwa silii.

Afu hapo hapo akabadilika akaniambia kesho usikae hapa kunitazama, nenda kijijini pale chama cha msingi cha wakulima ukaulize kama jina langu lipo kwenye orodha ya pembejeo, mikorosho karibu inatoa maua na salfa, dawa ya ubwiriunga, inatakiwa ipulizwe mapema safari hii.

Nikaenda. Jina lilikuwepo. Nilipompigia simu akasema haya, tafuta na vijana wawili wa kupalilia, muanzie upande wa bondeni kwenye majani marefu, na huyo mzee wa kwenye gari uniulizie jina lake kwa watu wa Mtandi ili na mimi nimtaje.