Tuktuk yangu, jina la mwenzangu

Tangu mwezi wa nne naendesha tuktuk niliyoinunua hapa Malindi, na hadi leo ni yangu kwa mdomo tu: logibuku, hati ya umiliki, bado ina jina la aliyeniuzia. Marehemu baba alipobadilisha jina la pikapu yake alibeba fomu mkononi, akaenda, akarudi, akaenda tena. Siku hizi usajili uko kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na kila kitu kinapitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: muuzaji ndiye anayeanzisha, mnunuzi anakubali kwenye akaunti yake, ada inalipwa kwa simu. Hakuna foleni. Hilo nalisifu.

Tatizo, aliyeniuzia ni mzee wa Faza, kisiwani Pate huko Lamu. Akaunti alifunguliwa na mjukuu, na simu ilimponyoka akivua, ikazama na laini yake. Namba ya kuthibitisha inatumwa huko huko, kwa samaki. Kijana wa saiba kaniambia, "Kaka, laini irudi kwanza."

Basi mzee itabidi apande boti hadi Lamu mjini na kitambulisho chake, akarudishiwe laini, nauli juu yangu. Nilipompigia kwa simu ya jirani alicheka sana. "Mwanangu, ungenunua punda. Punda hana logibuku."