Gari dogo lililotumika kwa wazee: kiti kwanza, boneti baadaye

Anayemtafutia mama au babu gari huulizwa kwanza injini ni ya ukubwa gani. Hilo lisubiri. Nenda na mzee mwenyewe, akiwa na viatu vyake vya kila siku, na uchukue futi kamba.

Pima kutoka ardhini hadi juu ya kiti cha mbele. Kati ya sentimita 50 na 60 wengi huketi bila kudondoka na bila kupanda. Chini ya 45, kila akishuka magoti ndiyo yanayobeba mzigo wote. Kwa sababu hiyo vigari vya mabega ya juu kama Suzuki Wagon R au Honda Fit (kwingine huitwa Jazz) huwafaa wazee kuliko gari la saluni (lenye buti nyuma) lenye sura nzuri. Toyota Porte imekwenda mbali zaidi: upande wa abiria ina mlango mmoja mpana wa kuteleza. Ila mlango wa umeme ni kitu kingine cha kuharibika, kwa hiyo ufungue na kuufunga mara tano kabla hujausifia.

Mwache apande na kushuka mara tatu. Mara ya kwanza atajikaza kwa heshima. Ya tatu ndiyo itakuonyesha hali halisi. Angalia mkono wake unashika wapi. Mara nyingi ni ukingo wa mlango, basi fungua mlango nusu, uachie. Ukirudi wenyewe, kizuizi chake kimechoka, na siku moja mlango utamrudia mguuni akiwa anashuka. Akiwa ndani, afunge mkanda mwenyewe, avute na kuachia hendibreki, ageuze shingo aone nyuma. Vidole vyenye baridi yabisi hushindwa na kitufe cha hendibreki ambacho wewe hata hukioni kama kitu.

Gia otomatiki huokoa goti la kushoto, lakini aliyezoea klachi miaka 40 mguu wake utaendelea kuitafuta na utakanyaga breki. Mpe siku kadhaa uwanjani pasipo watu, na hakikisha kiatu chake hakigusi breki na mafuta kwa pamoja. Gari la kuwasha kwa kitufe linahitaji tahadhari: injini ni kimya, na mtu asiyesikia vizuri anaweza kuliacha likiwa limewashwa ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa eksozi humo unaua.

Sasa injini. Gari la mzee huenda safari fupi, na mara nyingi hufika kabla injini haijapata moto sawasawa. Dizeli za kisasa zenye chujio la masizi kwenye eksozi hazipendi maisha hayo: chujio hujisafisha kwa joto la safari ndefu, lisipolipata huziba. Kwa matumizi haya ziache tu. Epuka pia injini ndogo za tabo (turbo) ambazo mkanda wa taiming, unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni, unazunguka ndani ya oili, kama PureTech 1.2 ya Peugeot na Citroën na EcoBoost 1.0 ya Ford za mwanzo. Katika safari fupi petroli huvuja kidogo kidogo kuingia kwenye oili, mkanda unavimba na kumeguka, vipande vinaziba chujio la pampu ya oili, presha inashuka, injini inakwama. Kinachofaa ni petroli ya kawaida isiyo na tabo, yenye mnyororo wa taiming: 1NZ-FE ya Toyota, K12B ya Suzuki na jamaa zao. Hazina mbwembwe, na mafundi wengi wanazijua.

Kilomita chache nazo zisikulevye. Gari la miaka 15 lililotembea kilomita 30,000 limezeeka mpira: mabomba ya maji, bushi, matairi. Ubavuni mwa tairi soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likifika miaka 10 linatolewa, hata kama vijino bado vimesimama.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha gusa boneti. Ikiwa ya moto, huenda kuna kitu kimefichwa; angalau rudi siku nyingine. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama maziwa, usikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi imekwisha. Safari fupi huacha mvuke hapo juu. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Nacho kikiwa na maziwa, ondoka. Ukiwasha, moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Vigari vingi vidogo vya otomatiki vina CVT (gia otomatiki isiyo na hatua), na ndiyo inayokula pesa. Kanyaga breki, hamisha P (kuegesha) kwenda R (kurudi nyuma), kisha D (kwenda mbele). Inapaswa kushika ndani ya sekunde moja au mbili bila kugonga. Endesha polepole kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, kisha panda kilima kirefu: mtetemo kama gari linapita kwenye matuta madogo ni dalili mbaya. Uliza mafuta gani yalitiwa mara ya mwisho. CVT ina mafuta yake, na aliyetia ya otomatiki ya kawaida ameipunguzia maisha. Malizia kwa kukata usukani hadi mwisho na kuzunguka taratibu, pande zote mbili. Mlio wa ka-ka-ka ni jointi ya ekseli.

Ufunguo ukiwa ON, taa za injini na mifuko ya hewa (airbag) ziwake, kisha zizime. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozima, kwa sababu huenda kuna aliyeikata. Peleka namba ya chasi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari uone kama lina mfuko wa hewa wa Takata (kampuni ya Japani ambayo mifuko yake ilipatikana na kasoro) ambao haujabadilishwa. Joto na unyevu huiharibu kemikali yake, na ukifumka unaweza kurusha vipande vya chuma. Kampuni huubadilisha bila malipo.

Ukishanunua, badilisha oili na chujio papo hapo, halafu kila miezi sita hata kama kilomita hazijatimia. Mafuta ya breki ni kila miaka miwili. Presha ya matairi iko kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Inakili kwa herufi kubwa pamoja na aina ya oili na ya mafuta ya gia, uweke karatasi hiyo kwenye kisanduku cha dashibodi. Atakayelipeleka gereji huenda akawa mjukuu ambaye hajui hata boneti inafunguliwa wapi.