Nilivyobana DVD za familia kwenye Core 2 Duo bila kununua mashine mpya

Video ya harusi ya saa mbili ina fremu, yaani picha moja moja, 180,000. PAL, mfumo wa picha za televisheni uliotumika huku, unaonyesha fremu 25 kwa sekunde, na saa mbili ni sekunde 7,200; zidisha utaona. Kila fremu inabidi ifunguliwe kutoka MPEG-2, mfumo wa kubana video wa kwenye DVD, isafishwe, kisha ibanwe upya, yaani ipunguzwe ukubwa, kuwa H.264, mfumo mpya zaidi. Kompyuta yangu ya mezani, yenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo E7500 ya GHz 2.93 na RAM ya GB 4, ilikuwa inamaliza fremu 5 hivi kwa sekunde. Diski moja ilikuwa inakula saa kumi, na kwenye kabati la mama kuna boksi zima: harusi, send-off, vipaimara, jubilei ya ndoa ya babu na bibi.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuahirisha. DVD za kuchoma huhifadhi data kwenye tabaka la rangi, na joto na mwanga huidhoofisha rangi hiyo. Diski kadhaa zilishaanza kukwama katikati, deki nayo tulishaitoa sebuleni zamani. Ndugu zangu, mmoja yuko Mwanza na mwingine Muscat, wote wanataka kitu kinachofunguka kwenye simu. Kwa hiyo nilitaka MP4 ya kawaida, kwa mashine hii hii.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote nilitafuta kipande cha majaribio. Nilichagua dakika mbili ngumu kuliko zote: maharusi wanaingia ukumbini, matarumbeta yanapigwa, watu wanapunga vitambaa na taa za rangi zinazunguka. Kipande chenye mwendo mwingi ndicho kinachoitesa prosesa, na kikitoka vizuri, hotuba ya baba mkubwa haitakupa shida. HandBrake, programu niliyotumia kubania, inakuruhusu kubana sehemu tu ya video kwa kuchagua sekunde za kuanzia na kuishia. Kila nilipobadilisha kitu kimoja nilirudia kipande kile kile na kuangalia fremu kwa sekunde. Bila kipimo cha namna hiyo unabaki kuamini hisia.

Usomaji wa diski ulikuwa rahisi kurekebisha. Kasi ya 1x ya DVD ni kama MB 1.4 kwa sekunde, na diski yenye mikwaruzo inashuka chini ya hapo, maana kisomaji kinarudia eneo moja mara nyingi huku prosesa ikisubiri. Usibane moja kwa moja kutoka kwenye diski. Nakili yote kwanza kwenye diski ya ndani ya kompyuta, ndipo ubane. Hizi za harusi hazina kufuli lolote, mpiga video alizichoma mwenyewe, kwa hiyo unanakili folda ya VIDEO_TS kama faili nyingine yoyote. Zilizochakaa nilizifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha, kisha nikatumia ddrescue, programu ya kuokoa data, kwenye Linux:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Programu hii inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, na inaandika kwenye faili la ramani wapi ilishindwa. Ukiirudisha tena bila -n na ukaongeza -r3, inarudi kwenye zile sehemu ngumu tu. Diski ambayo deki ilikuwa inaikataa kabisa ilitoa karibu kila kitu.

Joto ndilo lililonifungua macho. Nilikuwa nimefungua dirisha la kuonyesha halijoto wakati kipande kinabanwa. Mwanzo kasi ilikuwa nzuri, baada ya dakika chache ikaporomoka, na ukiangalia mwendo wa prosesa, GHz 2.93 zilikuwa zinarukaruka kwenda 1.6 na kurudi. Prosesa hizi zina kinga yake: joto likikaribia kikomo, zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Kwa jua la Dar es Salaam na vumbi la Tabata, kompyuta iliyokaa miaka bila kufunguliwa haiwezi kukwepa hali hiyo.

Niliibeba mpaka kwa fundi Kariakoo. Alipofungua ubavu, mapezi ya kipoza joto yalikuwa hayaonekani, vumbi limejishikiza kama sufi. Akapuliza kwa blowa, feni kaishikilia kwa kidole isizunguke ovyo, kisha akafungua kipoza chenyewe. "Ona hii pesti, kaka, imeshakuwa chaki," aliniambia, akaikwangua kwa ukucha ikamomonyoka. Akafuta kwa spiriti mpaka chuma kikang'aa, akaweka tone la pesti mpya katikati ya prosesa, akabana kipoza pembe kwa pembe kwa kukingamisha. Niliporudi nyumbani nikaendesha kipande kile kile kwa mipangilio ile ile: kasi haikushuka tena. Sijui kwa nini mazungumzo mengi ya kuongeza kasi yanaanzia kwenye programu. Kwa mashine ya umri huu, anzia kwenye vumbi.

Baada ya hapo ndipo programu zenyewe. Mipangilio mingi inayosambazwa imeandikwa na watu wenye prosesa za kori nane, na ukiinakili unajitwisha mzigo usio wako. Mkubwa kuliko yote ulikuwa kichujio cha kuondoa chengachenga, NLMeans. Ni kizuri sana, lakini kinalinganisha vipande vya picha na majirani zake wote, hivyo kinaweza kula muda kuliko kubana kwenyewe. Nilikizima. Kwa diski chache zilizorekodiwa gizani nilitumia kichujio kingine, hqdn3d, chepesi, kwa nguvu ndogo.

Jambo la pili ni kukuza picha. Wapo watakaokushauri uipandishe DVD iwe 1080 ili ipendeze. Fremu ya DVD ya PAL ni 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, mara tano kamili, na hakuna hata nukta moja mpya ya ukweli ndani yake. Simu itaikuza yenyewe wakati wa kuonyesha. Bakiza ukubwa wa asili, kata tu kingo nyeusi za pembeni.

Kichujio kimoja sikukizima. Kamera za wakati ule zilirekodi kila fremu kwa nusu mbili, mistari shufwa na mistari witiri, kwa nyakati mbili tofauti kidogo. Kwenye televisheni ya zamani huoni kitu, lakini kwenye simu mkono unaopunga unatoka na meno kama chanuo. Hilo lazima litengenezwe, na kichujio cha yadif kinatosha. Kiache kitoe fremu 25 kwa sekunde. Ukichagua kitoe 50, mwendo unakuwa laini zaidi, ila fremu za kubana zinakuwa mara mbili.

Kwenye kubana kwenyewe niliachana na H.265, mfumo unaofuata H.264, kwani x265, programu yake ya kubania, inategemea sana maagizo ya AVX2 ambayo Core 2 haina. Nikatumia x264, ya H.264, kwa ubora usiobadilika wa RF 20 (RF ni kipimo cha ubora), video ikipitiwa mzunguko mmoja badala ya miwili. Ngazi ya kasi ya kubana nikaitoa kwenye slow (polepole), nikazijaribu za haraka zaidi moja moja. Kwenye veryfast vibokisi vilianza kuonekana kwenye lesi ya shela, taa za ukumbi zinapopita juu yake. Kwenye faster nilikaza macho nisivione. Nikabaki hapo. Sasa nilikuwa kwenye fremu 40 kwa sekunde: diski moja kwa saa moja na robo, faili la GB 1 na kitu.

Kuna umeme pia. Faili la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa; umeme ukikatika dakika ya 70, unabaki na faili lisilofunguka. MKV, aina nyingine ya faili la video, haina udhaifu huo, kilichoandikwa kinachezeka. Kwa hiyo nabana kuwa MKV usiku, foleni ya diski tatu nne, asubuhi nahamisha bila kubana upya:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy -movflags +faststart harusi.mp4

Inachukua muda mfupi tu, na faharasa inahamia mwanzo, hivyo video inaanza kucheza bila kusubiri faili lote. Sauti niliibadilisha kuwa ya aina ya AAC tangu mwanzo, kwa sababu simu nyingi hazichezi AC-3, aina ya sauti ya kwenye DVD.

Kabla diski haijarudi kabatini nafungua faili kwenye simu ya mama, naangalia mwanzo, katikati na mwisho, hasa midomo ya wanaohutubia kama inaendana na sauti. Kwenye WhatsApp natuma kama dokyumenti, maana ukituma kama video inabanwa tena na lesi yote inapotea. Kikomo cha dokyumenti ni GB 2, na faili hizi ziko chini ya hapo. Ndugu wa Mwanza, asiyependa kumaliza bando, namtumia flashi kwa basi.