Fungua kope kabla hujafungua chupa ya dawa

Mvua za masika zikishakolea, mbuzi wanaanza kufa kwa namna inayowachanganya wafugaji wengi. Jana jioni alikula, leo asubuhi amelala ubavu. Hakuharisha, hakukohoa, na tumbo limejaa majani. Hapo ndipo utasikia kalishwa sumu, au kaumwa na nyoka. Mchune uone: nyama imepauka kama ya kuku wa kisasa na damu ni nyepesi kama maji ya kuoshea nyama. Kisha pasua tumbo la nne, lile dogo refu linalopokea chakula kikitoka kwenye matumbo matatu ya mbele. Humo utakuta vinyuzi vya urefu wa sentimita 2 hadi 3, vyenye rangi nyekundu na nyeupe zilizosokotana kama kamba ya ukili. Wekundu ni damu ya mbuzi iliyo ndani ya utumbo wa mnyoo. Weupe ni mifuko yake ya mayai iliyouzunguka utumbo huo.

Huyo ndiye mnyoo aitwaye Haemonchus contortus. Hali majani yaliyomo tumboni, ananyonya damu, na ndiyo sababu mbuzi anaweza kufa akiwa ameshiba. Mnyoo mmoja humpotezea mbuzi takriban mililita 0.05 za damu kwa siku. Ni kidogo, hadi uhesabu minyoo 5,000, idadi ambayo si ya ajabu msimu wa mvua: hapo ni mililita 250, robo lita nzima, kila siku. Mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika lita mbili mwilini mwake. Uvimbe laini unaoning'inia chini ya taya unatokana na hilo hilo. Damu inapotoka inaondoka na protini zake, na damu iliyopungukiwa protini haiwezi kuyashika maji yake, yanavuja na kukusanyika chini ya ngozi. Mbuzi anayelisha ameinamisha kichwa, kwa hiyo maji yanashukia tayani. Ukiuona uvimbe huo, umeshachelewa, ila hujashindwa.

Desturi iliyoenea ni kununua dawa ya minyoo na kuwanywesha mbuzi wote kila baada ya miezi mitatu, mgonjwa kwa mzima. Ushauri huo umeandikwa hata kwenye vipeperushi, nami nauona ndio chanzo cha dawa kugoma. Ukiwanywesha wote kwa siku moja, minyoo pekee inayobaki hai zizini ni ile iliyoizoea dawa. Hao ndio watakaozaa, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku. Ukifanya hivyo miaka michache unakuwa umejifugia minyoo sugu kwa mkono wako. Lakini ukiwanywesha wanaohitaji tu, wale wazima wanaendelea kudondosha mayai ya minyoo ambayo haijawahi kukutana na dawa. Minyoo hao wanachanganyika na wale sugu na kuwamezea wingi wao. Tena minyoo haigawanyiki sawa kwa mbuzi wote: kwa kawaida mbuzi wawili au watatu katika kila kumi ndio wenye mzigo mkubwa. Kazi ni kuwajua hao, na wanajulikana kwa kope.

Njia hii ilianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na inaitwa FAMACHA, kwa herufi za mwanzo za jina la daktari wa mifugo Faffa Malan na neno la Kiingereza la chati. Kuna kadi yenye rangi tano. Namba 1 ni nyekundu iliyokolea, 2 ni nyekundu inayoelekea waridi, 3 ni waridi, 4 ni waridi iliyopauka, na 5 ni nyeupe kabisa. Kadi halisi ndiyo bora, kwa kuwa picha kwenye skrini ya simu hubadilika rangi kulingana na mwanga wa simu yenyewe. Ukikosa kadi, anza na mbuzi unayemjua ana afya, zoea wekundu wa kope lake, kisha linganisha wengine naye.

Mtoe mbuzi juani. Ndani ya banda lenye bati au makuti kila kope linaonekana limepauka. Mtu mmoja amshike kichwa. Wewe weka kidole gumba juu ya kope la juu, lishushe lifunike jicho, kisha bonyeza mboni taratibu, kwa nguvu ile ile unayobonyezea embe kuona kama limeiva. Kwa kidole gumba cha mkono wa pili vuta kope la chini kushuka. Utando wa ndani utachomoza wenyewe. Soma rangi upesi, katika sekunde mbili tatu, kwa sababu ukiuacha wazi unaanza kuwa mwekundu kwa kuchokozwa. Angalia macho yote mawili, na yakitofautiana chukua namba mbaya zaidi. Rangi ya ufizi haitoshi, na mbuzi wengine wana ufizi mweusi.

Wa 4 na 5 wapewe dawa siku hiyo hiyo. Wa 1 na 2 waache. Kwa 3 tumia akili: mbuzi dume mkubwa mwenye mwili anaweza kusubiri wiki mbili, lakini mwanambuzi, jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha asisubiri. Jike aliye karibu kuzaa kinga yake hulegea, na mayai kwenye kinyesi chake huongezeka tangu wiki mbili kabla ya kuzaa hadi wiki kama nane baadaye, wakati ule ule watoto wanapoanza kujifunza kula majani pembeni yake. Msimu wa mvua pima kila wiki mbili. Kiangazi, mara moja kwa mwezi inatosha.

Kope jeupe halisemi jina la ugonjwa, linasema tu kwamba damu imepungua. Kwenye mabonde ya mpunga na majaruba, minyoo bapa ya ini nayo hunyonya damu. Kupe na viroboto wengi hasa kwa watoto hufanya vivyo hivyo, na penye mbung'o fikiria nagana. Kinyume chake, vumbi au ugonjwa wa macho hulifanya kope liwe jekundu kwa mbuzi ambaye damu imekwisha. Na mwanambuzi anayeharisha mfululizo huenda ana koksidia, vijidudu vya utumbo ambavyo dawa ya minyoo haivigusi.

Sasa dawa yenyewe, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kosa la kwanza ni uzito. Watu hukadiria kwa macho, na macho hupunja. Kama huna mzani wa kuning'iniza, chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Mbuzi wa kifua 70 na urefu 60: 70 mara 70 ni 4,900, mara 60 ni 294,000, ukigawa unapata kilo 27. Ni makadirio, lakini ni bora kuliko jicho la haraka.

Kosa la pili ni kumfanya mbuzi kuwa kondoo. Ini la mbuzi huivunja dawa haraka zaidi, hivyo kipimo cha kondoo humchubua mnyoo tu bila kumuua, na hilo ndilo darasa zuri la kumfundisha usugu. Kwa albendazoli, kondoo hupewa miligramu 5 kwa kila kilo. Kwa mbuzi madaktari huanzia miligramu 10. Mwambie daktari wa mifugo wa kata yako akuthibitishie kwa dawa uliyonayo, maana huwezi kuongeza kila dawa kiholela. Levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, ina nafasi ndogo kati ya kuponya na kudhuru: ukizidisha mbuzi hutokwa mate, hutetemeka, na anaweza kufa. Albendazoli nayo usimpe jike aliye ndani ya mwezi wa kwanza wa mimba, inaharibu kijusi.

Kosa la tatu ni chupa. Albendazoli ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 katika kila mililita, ya asilimia 10 ina 100. Yule mbuzi wa kilo 27, kwa miligramu 10 kwa kilo, anahitaji mililita 11 za chupa ya kwanza au mililita 2.7 za ya pili. Anayebadilisha chupa bila kubadilisha kipimo kwenye bomba hupunja mara nne au huzidisha mara nne. Tikisa chupa sana, kwa kuwa dawa hutuama chini na wa kwanza kunywa hupata maji.

Mnyime majani tangu jioni ya kuamkia siku ya dawa, maji aachiwe. Tumbo lenye chakula kidogo husukuma dawa polepole, na albendazoli hufanya kazi kwa kukaa muda mrefu na mnyoo. Jike mwenye mimba kubwa na mbuzi aliye hoi usiwanyime. Tumia bomba la mililita 20 lisilo na sindano. Lipitishe pembeni ya mdomo, penye pengo lisilo na meno, hadi nyuma ya ulimi, kisha sukuma taratibu. Ukiimwaga dawa mbele ya ulimi, anaweza kuimeza kama mtoto anavyomeza maziwa, ikapita kando ya tumbo kubwa na kuisha nguvu mapema. Kichwa kiwe sawa na mgongo. Ukikiinua kama unamnywesha soda, dawa inaingia kwenye mapafu, na siku tatu baadaye utatafuta daktari kwa homa ya mapafu uliyoisababisha mwenyewe. Maziwa na nyama visitumike hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe.

Unataka kujua kama dawa bado inafanya kazi? Kusanya kinyesi moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja kubwa ya mbuzi kadhaa, gramu 3 hadi 5 kila mmoja, kwenye mifuko midogo iliyoandikwa namba, kiweke pabaridi bila kugandisha, upeleke maabara kuhesabiwa mayai. Tanzania kuna maabara za kanda za TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari. Rudia siku 10 hadi 14 baada ya dawa kwa mbuzi wale wale. Mayai yakiwa yamepungua chini ya asilimia 95, badilisha kundi la dawa. Kubadilisha kundi si kubadilisha jina la dukani: albendazoli na fenbendazoli ni ndugu wa tumbo moja, mnyoo aliyemshinda mmoja amewashinda wote wawili.

Kuhusu malisho, adui mkubwa ni kamba. Mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi kimoja wiki nzima anakula mahali anapojisaidia. Kwenye joto na unyevu yai huanguliwa na kufikia hatua ya kuambukiza ndani ya siku 4 hadi 7. Kijidudu hicho hupanda na umande kwenye majani, wengi wakibaki sentimita chache za chini. Kikiliwa, wiki tatu baadaye ni mnyoo mzima anayetaga. Basi hamisha kigingi kabla ya siku ya nne, na usirudi pale pale kabla ya miezi miwili. Kijidudu hiki hakili kitu kikiwa kwenye nyasi, kinaishi kwa akiba kilichojikusanyia kwenye kinyesi, na kwa jua letu akiba hiyo hukiishia upesi. Funga baada ya umande kukauka, na pale nyasi zikifika urefu wa kidole mhamishe. Majani ya lusina, kaliandra au miti ya uzio ni salama zaidi kwa kuwa vijidudu havipandi huko juu, na mbuzi mwenyewe kwa asili ni mlaji wa vichaka.

Kwa wanaofuga ndani, banda la kichanja linamaliza nusu ya kazi. Sakafu iwe juu ya ardhi angalau nusu mita ili uweze kukomba samadi, na nafasi kati ya fito iwe sentimita 1.5 hadi 2. Ikizidi, mguu wa mwanambuzi unaingia na kuvunjika. Ikipungua, samadi inaziba. Hori liwe nje ya uzio, kichwa tu kipite. Nyasi za bondeni zikate juu kidogo, sentimita 10 kutoka chini, uzianike jua kali kabla ya kulisha.

Aliyenyweshwa akiwa namba 5 asitembezwe. Mbuzi asiye na damu huweza kufa kwa kuswagwa tu hadi mtoni. Mwache kivulini, mpe maji, majani ya lusina, pumba na chumvi ya madini. Rangi hurudi kwa wiki, si kwa siku.

Andika namba kwenye daftari. Kwenye utafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, huko Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990, kondoo wekundu wa Kimaasai waliwazidi kondoo aina ya Dorper kwa kustahimili mnyoo huyu, na mbuzi wadogo wa kienyeji wakawazidi mbuzi aina ya Galla. Ustahimilivu huo unarithiwa, na hata ndani ya zizi moja unatofautiana. Jike anayepata 4 au 5 mara tatu katika msimu mmoja, wakati wenzake wanaokula naye wako 2, muuze kwa nyama siku za dawa zikishaisha. Beberu wa namna hiyo usimsubirie hata mara ya tatu, maana kila mwanambuzi utakayempata msimu ujao atakuwa na nusu ya urithi wake.