Asembli, kompaila na ile pointa ya 2009

Leo nimerudia kusoma ule mkasa wa 2009 wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo), ule wa draiva ya tun, yaani kadi ya mtandao ya bandia, na bado unanishangaza. Kwenye msimbo wa lugha ya C kuna mstari unachukua kitu kupitia pointa (anwani ya kitu kwenye memori), alafu mstari wa chini yake ndo unauliza eti hii pointa ni tupu, yaani sifuri, au vipi. GCC, kompaila inayogeuza C kuwa lugha ya mashine, ikapiga hesabu zake, kama pointa ishatumika basi kwa sheria za C haiwezi kuwa tupu, kwa hiyo hilo swali halina kazi, ikalifuta. Mtu mwenye akaunti ya kawaida, akifanikiwa kuweka data yake kwenye anwani sifuri, anajipa uruti, yaani mamlaka yote ya mashine. Na ukifungua faili la C ulinzi unauona umeandikwa kabisa!

Hapo wazee wa asembli, lugha ya kuandika amri za prosesa moja moja kwa mkono, wanakucheka, wanasema ungeandika mwenyewe test na jz (amri za kupima sifuri na kuruka) nani angekufutia? Hawajakosea. Ila asembli nayo inakutii hata kwenye ujinga. Kwenye Linux ya x86-64 (prosesa za Intel na AMD za biti 64) fanksheni ikigusa rbx, kijisanduku kimoja cha data ndani ya prosesa, lazima iirudishe ilivyoikuta, ukisahau hakuna wa kukwambia, programu inadunda tu vizuri mpaka siku aliyekuita awe kaweka kitu chake humo, afu inaanguka huko mbali ambako hata huna wazo la kuangalia. Kompaila haisahau rbx, haichoki saa nane usiku.

Sio kwamba kompaila ni malaika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitengeneza Csmith, inayotunga programu za C ovyo ovyo na kuzilisha kompaila, na mpaka 2011 walikuwa wameripoti hitilafu zaidi ya 325. CompCert, kompaila nyingine ya C, ndo iliwasumbua, maana sehemu zake zilizothibitishwa kihisabati hawakupata humo msimbo wowote uliotafsiriwa vibaya.

Mi nabaki na kompaila, ila pale penye siri nafungua objdump, kifaa cha kuonyesha asembli ya programu iliyokwisha kompailiwa, nasoma kompaila ilichotoa. Hasa memset (fanksheni ya C ya kujaza memori) ya mwisho ya kufuta pasiwedi kwenye memori, kwa sababu hakuna anayesoma tena pale kompaila inaona ni kazi bure inaitupa, na pasiwedi inabaki imekaa humo. Kesho nina moja ya hivyo ya kupitia. Kwa -O0, kompaila isipoboresha kitu, najua kufuta kutakuwepo, -O2 inayoboresha sana ndo siiamini.